Sauti Iliyobaki kwenye Kitochi

Hapo zamani, na zamani yangu haina fisi wala sungura, ni mwaka juzi tu, hapa hapa Muheza. Wekeni simu chini kwanza. Nyie mnaocheka huko nyuma, nanyi wekeni, maana hadithi hii inawahusu.

Mzee Singano aliugua miezi saba. Kila jioni mkewe, Bi Mwanaidi, alikaa naye, mzee akazungumza, simu yake mzee ikarekodi. Alitaja makaburi ya wazee moja moja. Alisimulia alivyokwenda kumposa mkewe akakataliwa mara mbili. Alipofariki, sauti zile ndizo zilizobaki. Bi Mwanaidi macho yalishafifia, lakini kila alfajiri alibonyeza kitufe kimoja cha kompyuta pale sebuleni, akamsikia mumewe: "Mama Mwantumu, chai imeiva?" Naye hujibu, "Imeiva, baba." Hapo ndipo siku yake ilipoanza.

Walikuwa na watoto watatu.

Mwantumu, mkubwa, ndiye aliyepokea watu msibani. Wengine walitaka kuwaonyesha mazishi jamaa walio ng'ambo. Akachukua karatasi ya manila, akaandika neno la siri la waifai ya nyumbani kwa wino mwekundu, akaibandika barazani. Mtu hanyimwi maji msibani, atanyimwa waifai? Karatasi ikakaa mpaka arobaini. Ilipobanduliwa, neno lenyewe hakulibadilisha mtu.

Mhina, wa pili, ndiye aliyefunga mtandao ule, akahamishia sauti za baba kwenye kompyuta, simu ile ya mzee ikafutwa ipate nafasi. Kompyuta hakuiwekea kufuli. Aliyeingia kwenye waifai aliifikia nayo. Wala nakala ya pembeni hakuweka. Kisa nini? Mama haoni vizuri, ataandikaje neno la siri kila alfajiri?

Kibibi, kitinda mimba, alijua kutazama orodha ya simu zilizoingia mtandaoni. Siku moja, arobaini imeshapita, akaona moja asiyoijua. Kesho yake akaiona tena. Siku ya tatu akaiona. Akanyamaza.

Siku ya nne Bi Mwanaidi akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Mtu asiyejulikana alikuwa ameingia kwa waifai ile, akafunga kila kilichomo kwenye kompyuta kwa neno la siri lake, akaenda zake. Fundi wa Tanga mjini aliihangaikia ile kompyuta siku mbili, akairudisha akitikisa kichwa. Bi Mwanaidi alilia kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi, jamani, alikuwa bado na sauti ya kurudia.

Kikabaki kitu kimoja. Kitochi chake, simu ya vitufe isiyojua mtandao, kilikuwa na maneno ya mzee aliyowahi kurekodi humo, sekunde chache tu. Nacho kilishachoka, na sauti ile haikukubali kuhamishwa: kikidondoka au kikiibwa, ndiyo basi tena. Ijumaa baada ya sala akawaita wanawe.

"Macho yangu hayalindi kitu," akasema. "Mmoja wenu anitunzie hiki. Mmoja tu. Cha watu watatu hakina mwenyewe. Semeni."

Mwantumu akasema, "Mama, karatasi niliandika mimi, sikatai. Lakini niliwafungulia waliokuja kumzika baba. Ningewanyima, leo mngesema Mwantumu ana roho mbaya. Na uji wa baba miezi saba, nani alimnywesha?"

Mhina akasema, "Bila mimi sauti hizo zisingefika hata arobaini, simu ile ilikuwa inakufa. Niliacha wazi kwa ajili yako, mama, usihangaike. Mlango wa ndani ukiwa wazi ungekuwa na ubaya gani, kama ufunguo wa nje usingegawiwa barazani?"

"Unanisema mimi?" Mwantumu akang'aka.

"Nasema kilichotokea, dada."

Kibibi alikuwa analia. "Mimi sikufungua mlango wowote. Niliona tu. Nikasema huyu ni mgeni wa msiba, na kwetu mgeni wa msiba haulizwi unaondoka lini. Niliona haya kumkata."

"Siku tatu, Kibibi! Siku tatu unaona!"

"Niliona, dada. Neno moja tu kwa kaka Mhina lingetosha, nami sikulisema. Nitalala na hilo mpaka kaburini. Mama, nipe mimi niliyekwisha kuogopa. Sitanyamaza tena."

Bi Mwanaidi alifungua pindo la kanga, akatoa kitochi, akapapasa vitufe. "Mama Mwantumu," mzee akasema, "chai imeiva?" Watoto wakainamisha vichwa. Safari hii hata yeye hakujibu. Akanyoosha mkono, kitochi kiganjani, akangoja.

Msiniambie habari za mwizi. Huyo hatumjui, na mama hamwombi yeye amtunzie kitochi. Nyie wenyewe, neno la siri la kwenu liko kwa watu wangapi? Haya, nijibuni, lakini polepole, maana mama yule mkono unachoka. Aliyewakirimu wageni asibadilishe neno, aliyemrahisishia mama asiweke kufuli, na aliyeona akastahi: je, nani alistahili kukabidhiwa sauti ile?