Ubao Mmoja wa Mwalimu Ndahani

Mtu mmoja alikuwa na kwaya ya watoto kumi na wawili, na ubao mmoja wa kuwafundishia. Jina lake Ndahani, mwalimu wa nyimbo katika kanisa la kijiji cha wakulima wa uwele. Aliandika do, re, mi kwa chaki, akagonga kila noti kwa fimbo, na watoto wakaimba pale fimbo ilipogonga. Ndivyo alivyofundishwa yeye, na ndivyo alivyofundishwa aliyemfundisha. "Samaki mkunje angali mbichi," alikuwa akisema, wala hakujiuliza kama samaki wote hukunjika upande mmoja.

Mtoto aliyeyajua ya ubaoni aliwekwa safu ya mbele. Wa kwanza wao alikuwa Mika, ambaye macho yake yaliikamata noti kabla fimbo haijafika. Asiyejua alirudishwa nyuma, na huko nyuma kulikuwa na desturi yake: unafungua mdomo, unauchezesha pamoja na wenzako, ila sauti hutoi. Waumini wakitazama, wanaona kwaya kamili. Nyemo, binti wa miaka tisa, alisimama safu hiyo misimu miwili. Ndahani hakumchukia. Alimhurumia, kama anavyohurumiwa mtu aliyenyimwa kipaji, na huruma ya namna hiyo, ndugu zangu, haijamfaa mtu bado.

Ikakaribia sikukuu ya mavuno. Wimbo wa mavuno wa kanisa lile ulikuwa na beti saba, na kila mwaka watoto waliuanza juu wakaumaliza chini, sauti ikididimia ubeti kwa ubeti, hata wa mwisho ukasikika kama unaimbwa kisimani. Mwaka ule wazee wa kanisa hawakumficha: ukididimia tena, watoto wasiimbe kabisa, wimbo wapewe watu wazima. Ndahani aliumia moyo, maana kwaya ile ndiyo kazi ya maisha yake. Akagonga ubao kwa nguvu zaidi. Wimbo ukadidimia zaidi.

Alasiri moja alipita nyuma ya nyumba ya bibi yake Nyemo, akasikia mchi ukitwanga na mtu akiimba. Ubeti wa kwanza, wa pili, hadi wa saba, na sauti haikushuka hata chembe. Akachungulia uani. Nyemo alikuwa peke yake kinuni, na wimbo ulikwenda na mikono yake, ukipanda na mchi na kutua nao. Aibu na furaha vilimgombania Ndahani. Akamuuliza kwa nini kwenye kwaya haimbi hivyo.

Mtoto akauegemeza mchi, akapiga goti kwa adabu. "Shikamoo, mwalimu. Uliniambia nifungue mdomo, nisitoe sauti. Nami nimekutii."

Ndahani alirudi nyumbani. Kesho yake aliung'oa ubao ukutani, akaazima vinu vitatu, akatia uwele, akavipanga mbele ya madhabahu. Mtu aliyechomwa na kweli huwa na haraka. Watoto wakatwanga wakiimba, na unga ukaruka hadi kwenye viti vya wazee. Nyemo akafunguka, na wengine wanne pamoja naye. Lakini siku ya tatu Ndahani alimtazama Mika. Mika aliinua mchi kwa kuchelewa, macho yakiutafuta ubao kwenye ukuta mtupu, na mdomo wake ulikuwa ukifunguka na kufungika bila sauti. Hakuna aliyemwamuru.

Hapo Ndahani akaketi kwenye benchi akacheka, mpaka akafuta machozi. Alikuwa ameziba mlango mmoja na kufungua mwingine, na bado nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Akaurudisha ubao mahali pake, wala vinu hakuviondoa. Walikuwepo na wawili ambao ubao haukuwafaa wala kinu. Hao aliwasimamisha katikati ya wenzao, bega kwa bega, wakaupokea wimbo kwa masikio. Akili ni nywele, kila mtu ana zake: aliisema methali hiyo tangu utotoni, na siku ile ndipo alipoisikia.

Sikukuu ikafika, kanisa likajaa. Watoto walisimama safu moja. Mika alishika karatasi yake ya noti, Nyemo aligusa sakafu kwa kisigino pale ambapo mchi ungetua, na wale wawili wakasikiliza huku na huku. Ubeti wa saba ukaishia palepale ulipoanzia wa kwanza. Na Ndahani alikuwa amesimama nyuma yao wote, peke yake, mdomo wazi, sauti haitoki, machozi yakimtiririka.

Basi ninyi mliokabidhiwa watoto, nendeni mkasimame safu ya nyuma kwa muda: ni midomo mingapi pale inachezeshwa bila sauti, kwa sababu tu inawatii?