Ngoma ya Vumbi Ukingoni mwa Msitu

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa na nyua zao, wake zao na majirani wa kugombana nao, palikuwa na msitu mbichi uliopakana na mbuga. Mto uliuzunguka msitu huo nyuma na ubavuni. Ubavu wa pili ulikuwa jabali tupu, refu, lisilopandika. Mbele tu ndiko kulikuwa wazi, na hapo palisimama nyasi ndefu, kavu, za rangi ya simba, zimeiegemea miti kama mgeni aliyechoka.

Ndani ya msitu aliishi Bi Sange. Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo, miguu kama njiti, pua ndefu inayochezacheza mchana kutwa. Nyumba yake ni rundo la majani makavu chini ya mti. Siku hizo alikuwa amejifungua watoto wawili, wadogo, wenye kulala tu.

Asubuhi moja Mwewe alitua kwenye tawi juu ya nyumba hiyo, akajifuta mdomo.

"Hodi huko chini!"

"Karibu, Bwana Mwewe. Mbona umenenepa hivyo?"

"Nisinenepe nina nini? Moto uko nyuma ya vilima, jirani! Mimi naruka mbele yake, panzi wanakimbia wenyewe kuja mdomoni. Nyap! Nyap! Karamu tupu!"

Pua ya Bi Sange ikasimama. "Moto huo unaelekea wapi?"

"Upepo umegeuka. Unakuja kwenu. Kesho jua likiwa utosini mtaniona hapa hapa, nakula." Akapiga mabawa, puru! Akaenda zake.

Bi Sange akawatazama wanawe. Mmoja angeweza kumbeba kwa meno. Na wa pili? Na akimbeba, ampeleke wapi? Mto una maji mengi, jabali halina pa kukanyaga. Juu yake, katika tundu la mti, Mama Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa, alikuwa anaatamia. Mumewe alikuwa ameziba mlango kwa udongo, kama desturi yao, akaacha ufa wa kupitishia chakula. Mama huyo hata mlango wa kutokea hakuwa nao.

Bi Sange akaenda mbio kwa Mzee Tembo, mkuu wa msitu. Alimkuta uwanjani kwake anajipepea kwa masikio.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Nani huyo? Nasikia sauti, mtu simwoni."

"Ni mimi, Sange, hapa chini, karibu na ukucha wako. Mzee, moto unakuja. Tuzikanyage nyasi za mbele, ukifika ukose cha kula."

Tembo akaacha kujipepea. "Zikanyagwe? Nyasi zile ni ukuta wetu! Babu yangu alikataza mtu kuzigusa. Zinatuficha, wawindaji wasituone."

"Ni ukuta, mzee, lakini ni ukuta wa kuni."

"Lo! Mke wangu, njoo usikie! Sange amekuja kunifundisha ukuta!"

Mkewe akacheka hadi mkonga ukajifunga fundo. Bi Sange akaaga, akatoka mpaka mbugani kwa Bwana Nyati Pembekota. Huyo alikuwa amelala matopeni, macho nusu.

"Bwana Nyati, moto unakuja."

"Uje! Moto ni mkulima wangu," alisema Nyati. "Ukishapita, mvua ikinyesha, nyasi changa zinaota laini kama ulimi wa ndama. Mimi na wangu tunaingia topeni, unapita, tunatoka."

"Na sisi wa msituni?"

"Msitu si wangu, shemeji. Ukitoka, usinizibie jua."

Hapo Bi Sange alikaa chini ya kichaka, akalia kidogo. Kisha akajifuta. Aliona kwamba kila mmoja wa wale wakubwa alisema kweli nusu. Moto ulikuwa mkulima wa mbuga, na ulikuwa mauti ya msitu. Nusu mbili zile hazikuwahi kukaa baraza moja.

Sasa sikilizeni. Katika nchi ile palikuwa na desturi ya ngoma. Kundi likitaka kushindana na kundi jingine, lilituma wimbo wa kejeli. Aliyepelekewa wimbo asipojibu kwa kucheza kabla jua halijazama, aliwabebea wenzake ngoma msimu mzima, huku watoto wanamzomea. Na mleta wimbo hapigwi, hata awe ameleta matusi ya namna gani.

Kulipokucha, Bi Sange akarudi kwa Tembo, ameinamisha kichwa.

"Mzee, leo nimetumwa. Nisamehe. Nyati anaimba huko mbugani:

*Tembo ana vinu vinne,*
*kutwanga hajui!*"

"Ati nini?" Masikio yakafunguka, pwaa! "Vinu vinne?"

"Kutwanga hajui. Anasema pia mchezo wenyewe ni Ngoma ya Vumbi. Wewe uanzie mtoni, yeye aanzie jabalini, mfuate ukingo wa msitu mpaka mkutane. Atakayeacha hata jani moja limesimama nyuma yake, ameshindwa."

"Lakini nyasi za babu..." alianza mkewe.

"Babu angekubali niitwe vinu?" Tembo akanguruma. "Waite ndugu zangu wote!"

Bi Sange akatoka kwa adabu. Alipopotea machoni mwao, akapiga mbio, ti-ti-ti-ti-ti, mpaka topeni.

"Bwana Nyati, mleta wimbo hapigwi?"

"Hapigwi. Lete."

"Tembo anaimba:

*Nyati akicheza ngoma,*
*panzi hawaamki!*"

Nyati akainuka, tope likimdondoka, puap, puap. "Panzi? Hawaamki? Yeye anaanzia wapi?"

"Mtoni. Wewe jabalini."

"Ndugu zangu! Inukeni!"

Ee, wadogo zangu! Kundi la tembo likaingia kwa upande wa mto, ndu! ndu! ndu! Kundi la nyati likaingia kwa upande wa jabali, gidi-gidi, gidi-gidi! Nyasi zikalala, zikakatika, zikasagika, zikachanganyika na udongo. Vumbi likapanda hata jua likawa jekundu. Bi Sange alikimbia katikati yao akipiga kelele, "Nyuma yako, mzee, naona jani! Bwana Nyati, na wewe una majani matatu!" Na wao wanarudi, wanatwanga upya.

Jua lilipokaribia utosini, Tembo na Nyati wakakutana uso kwa uso. Kutoka mtoni hadi jabalini palikuwa na mkanda wa udongo mtupu, mpana kama mto wenyewe.

"Haya," Tembo alihema. "Nani hajui kutwanga?"

"Kutwanga nini? Wewe ndiwe uliyesema panzi hawaamki!"

"Panzi? Mimi? Kwanza wewe ndiwe uliyesema vinu!"

"Vinu gani?"

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakatazama chini, polepole.

"Bi Sange," alisema Tembo. "Mleta wimbo hapigwi."

"Ndiyo, mzee."

"Na mtungaji je?"

Mguu wa Tembo ukainuka. Kivuli chake kikamfunika Bi Sange mzima. Hakukimbia. Alisema kwa sauti nyembamba, "Nikanyage, mzee, lakini kwanza tazama kule."

Wakageuka.

Mwanzo walimwona Mwewe, na mamia ya ndege wenzake, wanazunguka angani kama majani katika kimbunga. Kisha swala wakapita mbio bila kumsalimu mtu. Kisha nyoka, panya na kobe, wote pamoja, hakuna aliyemtazama mwenzake kwa njaa. Kisha ukaja mwenyewe.

Vuuuuuu!

Ulikuwa mrefu kuliko twiga. Ulitembea huku unaimba, tatatata, pa! pa! Joto lake lilitangulia kama mtu anayesukuma mlango. Hata Nyati, aliyeuita mkulima wake, alikuwa hajapata kuutazama akiwa nje ya tope, akarudi nyuma hatua mbili.

"Jamani," alinong'ona Tembo. "Ni mkubwa kuliko mimi."

Moto ukaja mpaka kwenye mkanda wa udongo. Ukasimama. Ukainama huku, ukainama kule, ukinyoosha ndimi, ukitafuta hata jani moja. Hapakuwa na jani. Ukafanya fyuuu, ukaanza kufa miguuni.

Lakini cheche moja ikaruka, ikaanguka nyuma yao, pembeni mwa msitu. Pa! Mti mmoja wa kale ukashika moto kama karatasi, na mwenzake pia.

"Maji, mzee! Udongo, bwana!" alilia Bi Sange.

Tembo akakimbilia mtoni, akajaza mkonga, akamwaga, chwaaa! Nyati akaingia na kwato zake anakanyaga majani yanayowaka, na safari hii hakuuliza msitu ni wa nani. Kona ile iliungua. Msitu ukabaki. Watoto wa Bi Sange walikuwa bado wamelala, na katika tundu lake Mama Hondohondo aliuliza kupitia ufa, "Kuna nini huko nje? Mbona leo chakula kimechelewa?"

Mvua zilipokuja, Tembo, Nyati na Bi Sange, wote watatu, walitoka kutazama. Mbuga iliyokuwa nyeusi kama sufuria ilikuwa imeota kijani hadi upeo wa macho. Maua mekundu yalichomoza moja kwa moja kutoka kwenye majivu, hata majani yake hayajatoka. Mbegu zilizokuwa zimejifungia ndani ya maganda magumu zilikuwa zimepasuliwa na joto, na sasa zilikuwa miche. Nyati alikula huku machozi yanamtoka kwa utamu.

Lakini katika kona ya msitu iliyoungua, miti miwili ya kale ilisimama imekufa. Kigong'ota alishaanza kujitobolea nyumba katika mmoja, ko-ko-ko, na jua lilifika chini mahali ambapo halikuwahi kufika. Mche wa mti ule ule ulikuwa umeota hapo, una majani mawili tu.

Tembo aliugusa kwa ncha ya mkonga. "Huu utakuwa kama mama yake lini?"

"Wewe hutauona, mzee," alisema Bi Sange. "Wala mjukuu wako."

Tembo akausogeza mguu wake mbali na mche.

Kiangazi kilichofuata, nyasi za ukingoni zilipoanza kukauka, Bi Sange alisikia kishindo nje ya nyumba yake. Alikuwa Mzee Tembo, amekuja peke yake, anaona haya.

"Hodi, Bi Sange. Eti... Nyati mwaka huu amesema nini juu yangu?"

"Hajasema kitu, mzee."

Tembo akakohoa, akatazama huku na huku asionekane na mtu.

"Basi, mama," akasema, "msaidie aseme."

Na hadithi yangu inalala hapa, wadogo zangu, nayo inasema: nguvu isiyo na sikio ni kuni tu, zinangoja moto.