Bi Nguchiro na Hasira za Kocha Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na timu zao za mpira wa kikapu, Bi Nguchiro alipewa filimbi aamue fainali kati ya Bondeni na Kilimani.

Kazi hiyo hakuna aliyeitaka. Kocha wa Bondeni alikuwa Nyati, na refa aliyetangulia, Mzee Kobe, alikuwa bado kitandani, gamba limepasuka. Kosa lake ni uamuzi mmoja tu ambao Nyati hakuupenda.

"Mke wangu, kataa," mumewe alimwambia asubuhi ile. "Ukikimbia watakucheka. Ukisimama mbele yake atakukanyaga."

"Basi sitakimbia, wala sitasimama mbele yake," alijibu, akifunga kamba za viatu.

Mchezo ulikwenda sare mpaka dakika ya mwisho. Ngiri wa Bondeni akaudunda mpira, du, du, du, akaingia kwa kasi, akamgonga Swala wa Kilimani kifuani, puu! Swala chali. Mpira ukazama kapuni.

Priiiii!

"Faulo ya Ngiri. Kapu halihesabiwi."

Nyati akainuka, akavuka mstari, akaja, ardhi ikitikisika. Nguchiro akaishusha filimbi, akasogea hatua moja kando, akawa ubavuni mwa Nyati, mbali na pembe, wote wawili wakiutazama uwanja.

"Umetuibia," Nyati alikoroma.

"Nakusikiliza, Kocha. Umeona nini?"

"Beki wao alisogea. Ngiri angepita wapi?"

"Beki yupi? Yule namba saba?"

"Huyo huyo namba saba. Nimemwona kwa macho yangu haya mawili."

Nguchiro akashusha sauti, ikawa nyembamba kama uzi.

"Kocha, namba saba ni Pundamilia. Yuko benchini tangu kipindi cha kwanza, goti limefungwa kitambaa. Aliyegongwa ni Swala."

Nyati akageuza shingo kulitazama benchi la Kilimani. Masikio yakamlegea.

"Hayo nimeyasikia mimi peke yangu," Nguchiro akaendelea. "Ukirudi kukaa, yataishia hapa. Ukiongeza neno, nitapuliza filimbi, Kilimani watapata mitupo ya adhabu, na sababu nitaieleza mbele ya wote."

Pumzi ya moto ilimpiga Nguchiro sikioni, mara moja, mara ya pili. Hakusogea.

Kisha zile kwato zikageuka, taratibu, zikarudi benchini.

Kilimani walishinda kwa kapu moja. Wachezaji wa Bondeni walipomzunguka kocha wao wakilalamika, Nyati aliwaambia, "Nyamazeni. Refa amenieleza, nami nimeridhika."

Basi, wanangu, mwenye nguvu hashindwi kwa kelele: muulize swali, kisha umwachie mlango wa kutokea.