Vipande Viwili vya Keki

Sogeeni karibu, na mwenye haraka ya kuhukumu akae nyuma kabisa. Leo nina kesi ya mtoto. Mtoto ni mmoja, Nora, na wanaomtaka ni watatu. Yametokea Marekani, katika mji mdogo ambao kiwanda chake kilifungwa. Mmoja wa hao watatu ni binti wa shangazi yangu, lakini sitampendelea. Nikimpendelea, nikanyeni.

Wa kwanza ni Dale, mjomba wa Nora. Huyu alijaliwa jicho. Tangu utotoni, akienda kuwinda na baba yake, wengine wanaona majani, yeye anaona sikio la swala nyuma ya majani. Kiwanda kilipofungwa akakosa kazi, mke naye akaondoka. Akaangukia kwa watu wa mwisho kabisa wa siasa za mkono wa kulia, wale wanaovaa kijeshi na kusema nchi yao imeibwa na wageni, na itarudi kwa bunduki tu.

Wa pili ni Ross, mdogo wake Dale, tumbo moja. Huyu alijaliwa miguu. Umati ujae vipi, Ross atapenya na atatokea upande wa pili. Naye kiwanda kilimtupa nje siku ileile, ila yeye akaangukia mwisho wa mkono wa kushoto, kwa wavaa nyeusi wanaoficha nyuso. Hao wanasema nchi imeoza mpaka mizizi, na kilichooza dawa yake moto.

Wa tatu ni Mwatumu wetu, mzaliwa wa Pangani, jirani yao. Yeye alijaliwa mikono ya kuuguza, na kazi yake ni kutunza wazee. Dale alitaka arudishwe kwao. Ross alimtetea barabarani kwa kipaza sauti, lakini jina lake hakuwahi kumuuliza. Mwatumu alinichekesha kwenye simu: "Dada, mmoja ananifukuza, mwingine ananipigania, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisalimia!"

Nora, asiyemjua baba, alifiwa na mama yake, dada wa Dale na Ross, akawa analelewa na bibi yake, Bibi Opal, mgonjwa wa moyo. Bibi akilazwa, Nora anakaa kwa Mwatumu. Wajomba walimpenda mtoto, hilo nisiwasingizie. Wao kwa wao ndio walikuwa hawasemezani. Siku moja waligombana mbele ya mama yao, Dale akasema, "Usinipigie simu mpaka siku Mama atakapokufa." Ross akajibu, "Na wewe vivyo hivyo." Tangu hapo simu ikawa kimya.

Basi ikafika siku ya kuzaliwa ya Nora, naye bibi yake kalazwa. Mwatumu akaoka keki, akawaalika wajomba. Kila mmoja akajibu kwamba mwenzake akiwepo, yeye haji. Na kweli hawakuja, kwa sababu mchana ule makundi yao yalikuwa yanatunishiana misuli kwenye uwanja wa mji. Mwatumu, aliyetoka zamu ya usiku, akapitiwa na usingizi kitini. Nora akatia vipande viwili vya keki kwenye kopo, kimoja cha mjomba huyu, kimoja cha mjomba yule, akatoka kuwapelekea uwanjani. Jamani, mtoto yule!

Huko uwanjani watu wa Dale walikuwa juu ya jengo na bunduki, eti wanalinda maduka. Watu wa Ross walikuwa chini, wamewasha moto kwenye mapipa ya taka. Risasi moja ikalia kutoka juu, na mpaka leo hakuna aliyekiri kuwa ni yake. Watu wakakimbia ovyo, pipa likapinduka, moto ukashika mkokoteni wa muuza soseji. Chini ya mkokoteni huo Nora alikuwa amejificha.

Dale alikuwa na jicho kwenye darubini ya bunduki, akiwatafuta wavaa nyeusi. Katikati ya moshi akaona kiatu chekundu, kiatu alichokinunua mwenyewe. Watu wote wale walipita, hakuna aliyekiona. Mbele ya mkokoteni akaona mvaa nyeusi anakimbia, akamjua kwa miguu yake kuwa ni Ross. Akaitupa bunduki, akatoa simu.

Ross alikuwa anakimbia. Alipoona jina la kaka yake kwenye simu, akasimama, akapokea.

"Mama amekufa?"

"Hajafa! Nora yuko chini ya mkokoteni unaowaka, nyuma yako. Nenda, mdogo wangu, nenda!"

Ross akageuka, akapenya umati uliokuwa unamjia mzimamzima, akaingia motoni kwa tumbo, akamvuta. Mikono yake imeungua, haitanyooka tena.

Mwatumu naye alikwisha kushtuka, akatoka pekupeku akimtafuta mtoto. Akamkuta Ross amemlaza barabarani, hapumui. Gari la wagonjwa limekwama nje ya umati, Dale kafika, ndugu wawili wanalia tu. "Nipisheni!" akawafokea. Akapiga magoti, akabonyeza kifua, akampulizia pumzi, akabonyeza tena, mpaka mtoto akakohoa.

Nora yu hai, lakini tangu siku ile hajatamka neno. Bibi Opal aliposikia yaliyotokea, moyo haukuhimili. Alimwambia muuguzi, "Mtoto apewe aliyemwokoa," kisha akafa.

Hakimu akawaita wote watatu. Dale akasema, "Bila jicho langu, nani angejua aliko?" Ross akasema, "Bila miguu yangu, angefikiwa na nani?" Mwatumu akasema, "Mlinikabidhi maiti, nami nikamrudisha."

"Risasi ilitoka kwenu," hakimu akamwambia Dale. "Moto uliwashwa na wenu," akamwambia Ross. "Na wewe, mama, ulilala."

"Je, mtaachana na makundi yenu?" akawauliza wale ndugu.

"Nitaacha, huyu akitangulia," akasema Dale.

"Atangulie yeye, ndiye mkubwa," akasema Ross.

"Mimi sina kundi," akasema Mwatumu. "Ila watu wa Dale wameniandikia kwa rangi mlangoni kwamba nihame. Wakinihamisha, huyu mtoto sijui nitamficha wapi."

Nora akaulizwa anamtaka nani. Akawatazama mmoja mmoja, kisha akalaza kichwa juu ya meza.

Haya, kiti cha hakimu ni chenu. Najua huyu atasema damu nzito kuliko maji, na yule atamjibu kuzaa si kazi, kazi kulea. Mimi mwenyewe nimeshindwa, na usingizi sipati. Ila msiniambie wagawane siku, Jumatatu kwa huyu, Jumanne kwa yule. Kugawa alishajaribu Nora mwenyewe, kwa vipande viwili vya keki, na mmeona kilichompata. Nataka jina moja tu. Wewe, ungempa nani?