Sare ya Bi Shemsa

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na wewe unayetafuna muwa, nyamaza kwanza.

Bi Shemsa, mama wa bwana harusi, alikuwa na duka la kanga na maringo mengi kuliko kanga zenyewe. Akatangaza: "Asiyenunua sare kwangu haingii harusini!"

Kidawa, aliyemlea bibi harusi tangu akinyonya, hakuwa na uwezo wa kuinunua. Akaenda dukani.

"Bi mkubwa, mlangoni atasimama nani? Watu wataingia na matambara yao."

"Simama wewe, huko huko nje."

"Na akija jamaa yako bila sare?"

"Mrudishe! Hata awe mama yangu mzazi!" Wateja wote wakasikia.

Kidawa akaongeza: "Ila wewe usivae kanga moja na wapishi. Vaa hariri, uje mwisho, tukutazame."

Shemsa akacheka. "Angalau umejua nafasi yako, maskini."

Siku ya harusi, wageni wakiwa wameshaketi, Shemsa akaja akimeremeta. Kidawa akanyoosha mguu mlangoni.

"Sare yako iko wapi?"

"Mjinga wee! Amri ni yangu!"

"Ndiyo hiyo ninayoishika, bi mkubwa. Hata mama yako hukumsaza."

Wanawake waliorudishwa kwa kukosa sare wakamzomea. Ndani, ngoma ikaanza bila yeye.

"Basi nimeifuta! Aingie kila mtu!"

Kidawa akaingia wa kwanza, akaketi ubavuni mwa bibi harusi, mwanawe wa kulea.

Shemsa alipokufa, wanawe walirithi marobota ya kanga yaliyotobolewa na mende. Bibi harusi alirithi ulimi wa Kidawa, na wakwe zake waliujua.