Mteremko Uliosema Karibu

Ngano imefika mlangoni!
Iingie, ikae nasi!

Hapo kale, theluji ya Kibo ilipokuwa bado inasema na watu, walikuwepo mume na mke, Kilawe na Mkunde. Binti yao Aika, aliyeolewa ng'ambo ya mlima, alikuwa amejifungua na hana nguvu. Mkunde akambebea kibuyu cha samli. Njia ya chini ilikuwa siku nne. Njia ya theluji ilikuwa siku moja. Wakapita ya theluji.

Kilawe alikuwa mtu wa adabu. Hakuwahi kukataa karibu ya mtu, hata akiwa ameshiba.

Wakafika mteremko wa kwanza. Kilawe akagonga kwa fimbo. "Hodi!" Kimya. Theluji ilikuwa ngumu kama sakafu. Wakapita.

Mteremko wa pili. "Hodi!" Kimya. Wakapita.

"Wenyeji gani hawa?" Kilawe akanung'unika.

"Wamelala, Baba Aika. Twende."

Mteremko wa tatu. Hapo theluji mpya, iliyoletwa na upepo wa jana, ilikuwa imelala juu ya barafu ya zamani, na jua limeipiga tangu asubuhi. "Hodi!"

Chini ya miguu yao sauti nzito ikajibu: "Karibuuu." Theluji ikashuka upana wa kidole.

Pimbi akachungulia kutoka kwenye mawe. "Mzee, theluji imara haijibu. Inayojibu ina uwazi chini. Zungukeni huku kwenye mawe, mtafika jioni."

"Pimbi, hata mkia huna, utanifundisha adabu?"

Pimbi akasema mara ya pili. Akasema mara ya tatu. Kilawe akamshukuru kila mara.

"Mimi naona tufuate mawe," Mkunde akasema.

"Tukaribishwe, halafu tupite kando? Kwetu mwenye zawadi ndiye huingia kwanza. Tangulia, Mama Aika."

"Haya. Wewe na wageni wako."

"Wageni ni sisi."

"Ndiyo maana naogopa."

Mkunde akapiga hatua moja. Akapiga ya pili. Ya tatu, mteremko wote ukaondoka naye.

Kilawe akapiga hodi mpaka sauti ikamkauka. Theluji iliyosimama kule chini ilikuwa imeshikana kama jiwe, nayo haikujibu. Pimbi akamwongoza kwenye mawe, na jioni akafika kwa Aika.

"Shikamoo, baba," Aika akasema. "Mama yuko wapi?"

"Theluji ilitukaribisha," Kilawe akasema. "Nikamtanguliza."

Aika akageukia ukutani. Kichanga kikalia njaa. Kilawe akamenya ndizi, akapika mtori kwa mara ya kwanza maishani mwake, tena bila samli. Haukuwa mtamu. Aika akaunywa wote.

Basi, wasikilizaji, theluji ikikujibu, usiingie. Zunguka kwenye mawe, na atakayekuita mshenzi mwache akuite. Pimbi hadi leo hasalimii mtu wala haitikii salamu, na ana wajukuu wengi kuliko sisi sote hapa.

Ngano imeaga!
Ishuke taratibu!