Jinsi Jani la Mzeituni Mwitu Lilivyopata Uchungu

Kabla bibi yake bibi yangu hajazaliwa, majani ya mzeituni mwitu yalikuwa matamu. Mbuzi waliyala, watoto waliyatafuna njiani, na miti ikakauka mmoja baada ya mwingine, mpaka huku kwetu milimani ukabaki mmoja tu.

Chini ya mti huo, mrina asali aitwaye Mbazi na mkewe Namkunda walimzika binti yao wa pekee, Nanzia. Baada ya msiba Mbazi alikataa chakula, akawa anakula asali tu. Haukupita mwaka, kiu ikamshika. Akimaliza mtungi, anaomba mwingine. Akikojoa, sisimizi wanajaa pale pale. Mwishowe wakaanza kumfuata, mstari mweusi nyuma yake. Akisimama, nao wanasimama. Akapata kidonda mguuni kisichopona. Sisimizi wakakizunguka bila kukigusa. Walikuwa wanangoja.

Asubuhi moja yenye ukungu Namkunda alikwenda kulia kaburini. Sauti ikatoka ndani ya shina, si ya mwanamume wala ya mwanamke.

“Mama, una uchungu mwingi. Nipe mimi, nisije nikaliwa nikaisha. Majani yangu yatamtibu mumeo.”

“Uchungu wote?”

“Wote.”

Namkunda alimfikiria Mbazi, akalikumbatia shina. Alihisi kitu kinavutwa kifuani mwake, taratibu, kama uzi. Machozi yakakatika. Akachuma jani, akalitafuna, akalitema. Lilikuwa chungu kama nyongo.

Aliyachemsha majani yale. Mbazi akanywa asubuhi na jioni, na asali akaiacha. Kiu ikapungua. Sisimizi wakageuka mmoja mmoja, wakarudi msituni. Kidonda kikafunga.

Siku alipoweza kutembea tena, Mbazi alisema, “Mke wangu, twende tukapalilie kaburi la Nanzia.”

Namkunda akamtazama kwa upole. “Nanzia ni nani?”

Mbazi alimsimulia yote, tangu kuzaliwa kwa mtoto hadi maziko. Namkunda alisikiliza kwa adabu, akampa pole, kisha akaenda kuchota maji.

Na tangu siku hiyo jani la mzeituni mwitu ni chungu, mbuzi hulipita, na wenye maradhi ya sukari huku kwetu hulichemsha wakanywa. Lakini mwenye msiba hatumwi kulichuma, hata kama mgonjwa ni wake.